Beer-sheba Haikuwa Kwenye Ziara: Barua ya wazi kwa wazazi mnaohudumu makanisani Nyanda za Juu Kusini

Wanangu, walimu wa Shule ya Jumapili, wainjilisti, viongozi wa kwaya, na ninyi wazee wa kanisa ambao bado ni vijana (siku hizi mpo wengi), kuanzia Mafinga hadi Tukuyu, Makambako hadi Mbalizi: kamwene. Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia sasa kabla mvua hazijaanza, maana zikishaanza hakuna atakayesoma barua. Kila mtu atakuwa na jembe mkononi.

Wengi wenu mmeamini kwamba kuhudumu ndiko kukua kiroho. Mtu akiulizwa hali yake ya imani anataja vyeo: naongoza kwaya, niko kamati ya ujenzi, nafundisha kipaimara. Hizo ni kazi. Kazi hutumia kilichomo ghalani, haijazi ghala. Na wa kwanza kujua kwamba ghala limebaki pumba si mchungaji wala washarika. Ni mtoto wa miaka saba anayekuona ukifungua mlango usiku, umechoka, na salamu yako ya kwanza ni "nani ameacha ndoo hapa?"

Someni 1 Samweli, lakini safari hii msiishie kwa kuhani Eli. Habari za Eli tunazihubiri kila mwaka: wanawe hawakumjua Bwana, naye hakuwazuia. Endeleeni hadi sura ya 7 na ya 8. Samweli alilelewa ndani ya nyumba hiyohiyo ya Eli, akaona kwa macho yake mambo yalivyoharibika. Akawa mwamuzi mwaminifu, na 7:16-17 inataja ziara yake ya kila mwaka: Betheli, Gilgali, Mispa, kisha anarudi Rama. Sura inayofuata inasema wanawe, Yoeli na Abiya, walikuwa waamuzi Beer-sheba, wakapokea rushwa. Biblia haisemi ziara ndiyo iliyowaharibu, nami sitaiongezea maneno. Naona tu kwamba Beer-sheba haimo kwenye orodha ya vituo.

Sasa chukueni karatasi, baba na mama pamoja, mchore jioni saba za wiki. Andikeni kila kitu: mazoezi ya kwaya Jumanne na Alhamisi, jumuiya Jumatano, maombi Ijumaa, kikao cha kamati Jumamosi. Wengi mtakuta zimebaki jioni mbili, na hizo mbili ndizo mwenyekiti anazotumia akitaka "kikao kifupi cha dharura", kwa kuwa kwenye daftari lake zinaonekana ziko wazi. Kosa linaanzia hapo. Muda wa nyumbani usipopewa jina huhesabiwa kuwa hauna mwenyewe. Upeni jina, na mkipigiwa simu jibuni, "Siku hiyo nina kikao." Si uongo. Mke na watoto watatu ni kikao, na akidi imetimia.

Kanuni ya pili ya karatasi hiyo ni kwamba baba na mama wasiwe nje wote wawili jioni ileile, isipokuwa kuna msiba. Msiba kwetu haupangiwi ratiba, wala sitawaambia msiende. Ila mkikesha msibani siku tatu, wiki hiyohiyo futeni kitu kingine. Kwaya haitakufa kwa kukosa sauti moja ya besi Alhamisi moja.

Nije kwenye ibada ya nyumbani, maana hapa ndipo wengi mnaanza kwa kishindo mwezi Januari na kuacha kabla ya Kwaresima.

Inakufa kwa sababu mnaiweka saa tatu usiku, baada ya kula. Huku kwetu, hasa Juni na Julai, Njombe na Makete baridi ikiuma, mtoto aliyeshiba akikaa karibu na moto husinzia, na baba anadhani ni ukaidi. Iwekeni kabla ya kula. Maharage yakishatokota huchukua muda mrefu jikoni, na muda huo watoto wako hapohapo wakisubiri. Mfuniko unarukaruka, mama anaongeza maji ya moto kidogo kidogo, ugali bado haujasongwa. Dakika kumi na mbili za katikati hapo mnazo kila siku, bila kumnyang'anya mtu usingizi wala masomo.

Zigawanyeni hivi. Wimbo mmoja, beti mbili, achague mtoto, hata akichagua uleule siku tisa mfululizo. Kisha mistari kumi ya Biblia, isomwe na anayejua kusoma, na asisahihishwe kila neno. Baada ya hapo swali moja tu: "Umemwona Yesu akifanya nini hapo?" Mtoto akijibu kitu cha ajabu, msicheke wala msianze kuhubiri. Mwisho kila mmoja aombe sentensi moja, mtoto mdogo kabisa akiwa wa mwisho ili amina iwe yake. Baba anayeomba dakika nane kwa sauti ya mkutano wa injili ndiye anayeua ibada. Watoto hujifunza kwamba maombi ni kitu cha kuvumilia.

Anzeni na Injili ya Marko. Ina sura 16, matukio yake yanakwenda haraka, na kwa mistari kumi kila jioni, jioni tano kwa wiki, mtaimaliza kwa karibu wiki 14. Ukianza shule zinapofunguliwa Januari, mtafika kwenye mateso ya Bwana karibu na Pasaka yenyewe, na mtoto ataona kwamba kanisani wanazungumza habari aliyoianza mezani kwenu. Msianze na Mwanzo kwa nia ya kusoma Biblia yote. Mtakwama kwenye maskani ya Kutoka, kwenye vitanzi na vifungo, na hakuna mtoto wa darasa la pili atakayewasubiri mtoke huko.

Jioni ambayo hata dakika kumi na mbili hazipo, someni mstari mmoja. Ndugu zetu wa Kanisa la Moraviani wanalijua neno la siku, yaani mstari wa Biblia wa kila siku. Mwaka 1728 kule Herrnhut, Ujerumani, neno hilo lilikuwa likipelekwa nyumba kwa nyumba, na mwaka 1731 likaanza kuchapwa kitabu. Hiyo ni miaka 160 kabla ya misheni yao ya huku Rungwe kuanzishwa. Lilianzia milangoni pa watu waliokuwa na kazi za mikono za kufanya siku hiyo, kwa hiyo msione aibu kwa ufupi wake. Aliyebaki nyumbani, baba au mama, ndiye anayeongoza. Wote wawili wakikwama kwenye msiba, aongoze mtoto mkubwa. Msisubiri "kichwa cha nyumba" arudi kutoka kwenye kikao.

Jambo moja msilifanye kabisa: msigeuze ibada kuwa baraza la kesi. Mtoto amevunja kikombe mchana, jioni baba anafungua Waefeso 6:1, "Enyi watoto, watiini wazazi wenu," na kila mtu anajua inasomwa kwa ajili ya nani. Mstari wa 4, unaowakataza akina baba kuwachokoza watoto wao, hausomwi jioni hiyo. Kesi ya kikombe imalizeni mchana, pembeni, kwa sauti ya kawaida. Neno la Mungu likitumika kama fimbo mara tano, mara ya sita mtoto analiogopa hata likiwa linambembeleza.

Na ninyi wahubiri, makosa ya watoto wenu si mifano ya mahubiri. Kijana wa kidato cha pili akisikia washarika mia tatu wakicheka kwa sababu ya ripoti yake ya shule, hamtampata kwenye ibada ya vijana kwa muda mrefu. Mkitaka kumtaja, mwombeni ruhusa Jumamosi. Akikataa, tafuteni mfano mwingine.

Kuhusu imani yenu wenyewe nina machache, ila yashikeni. Wekeni madaftari mawili. La kwanza ni la mahubiri na masomo mnayofundisha. La pili ni lenu, hakuna atakayelisoma, na humo mnaandika mstari mmoja ambao kwa huo Mungu amesema nanyi na dhambi moja mnayoitubu kwa jina lake halisi. Anayesoma Biblia akiwa na daftari la kwanza tu husoma kwa niaba ya wengine. Akikuta "samehe" anafikiria wale wazee wawili wa mtaa waliogombana, hafikirii kaka yake aliyemkasirikia kwa ajili ya shamba. Dakika kumi na tano asubuhi zinatosha, kabla simu haijawashwa. Nasema kabla haijawashwa kwa sababu kundi la kwaya la WhatsApp lina ujumbe arobaini saa kumi na mbili asubuhi, na thelathini na nane kati yake ni "Amina".

Mikesha nayo. Mtu anaomba usiku kucha, anarudi alfajiri mwili umekwisha, anakuta maziwa yamemwagika, anampiga mtoto. Mtoto anajua baba ametoka kuomba. Kanuni ni fupi: baada ya mkesha hakuna kumwadhibu mtu yeyote mpaka umelala kwa muda wa saa nne.

Ukikosea, na utakosea, omba msamaha kwa mtoto kwa sentensi tatu. Taja ulichofanya: "Nilikupigia kelele mbele ya wenzako." Sema kilikuwa kibaya. Omba akusamehe. Neno "lakini" lisiwemo, maana likiingia ("lakini na wewe umezidi") msamaha umegeuka hukumu. Wapo wanaosema heshima ya mzazi itashuka. Mimi naona mtoto asiyewahi kusikia toba nyumbani hutubu kanisani kwa kuiga maneno tu.

Sasa mnada. Hili litawaudhi baadhi yenu.

Baada ya ibada ya mavuno vitu vinatolewa nje: debe la mahindi, mkungu wa ndizi, trei ya mayai, parachichi, jogoo aliyefungwa miguu. Dalali wetu ni mcheshi, watu wamefurahi, na jogoo wa elfu ishirini anapanda hadi elfu themanini kwa sababu wazee wawili wa kanisa hawataki kushindwana. Ni furaha ya kweli na kanisa linajengwa, sipingi. Lakini mtoto wako amesimama hapo na viatu vya shule vilivyotoboka mbele, na Ijumaa ulimwambia hakuna pesa. Yesu aliwajua watu wa namna hii. Marko 7:11 inalitaja neno Korbani: mtu anatangaza mali yake kuwa wakfu kwa Mungu ili asiwasaidie baba na mama. Pale walionyimwa ni wazazi, huku kwetu mara nyingi ni watoto, ila hesabu ni ileile. Utatuzi wake ni wa Jumamosi usiku. Mume na mke kaeni, kwanza tengeni pesa za ada, sare, mbolea ya kupandia na dawa, kisha kubalianeni kiasi cha mnada. Kiwekeni kwenye bahasha, simu yenye pesa ibaki nyumbani. Bahasha ikiisha, pigieni wengine makofi. Na mtoto mpeni sarafu yake mwenyewe atoe kwa mkono wake. Asiwe mtazamaji wa ukarimu wa baba tu.

Viongozi wa sharika nao nawaomba jambo: semina za siku tano msiziweke Desemba, watu wanapanda na watoto wako likizo. Na msimpe mama mwenye mtoto mchanga vyeo vitatu kwa sababu "ana moyo". Kutoka 18 tunaikumbuka kwa wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na makumi, lakini angalieni Yethro, mkwe wa Musa, alifika na nani. Alifika na Sipora na wale wavulana wawili, Gershomu na Eliezeri, ambao Musa alikuwa amewarudisha kwao. Ushauri wa kugawa kazi ulitolewa na mkwe aliyekuwa amewaleta mke na watoto wa mtumishi. Kwa hiyo kila mwenye huduma na awe na mtu anayemfundisha kazi hiyohiyo kuanzia mwezi wa kwanza, na ajue tarehe ya kuiachia.

Wale ambao watoto wenu wako bweni, siku ya kuwatembelea nendeni na chakula wanachokipenda, mkae nao chini ya mti, mle. Msiende na hotuba. Ulizeni majina ya rafiki zao na myakumbuke safari ijayo. Akisema ameacha kuomba, msishtuke mbele yake. Muulizeni tangu lini, msikilize hadi mwisho, kisha mwambieni jioni zipi mnamwombea nyumbani, ili saa hiyo ajue mfuniko wa sufuria unarukaruka na jina lake linatajwa.

Nawasalimu nyote, na watoto.

Mzee wenu wa kanisa