Sindano za kupunguza uzito zisinunuliwe kiholela

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie sindano za kupunguza uzito, ambazo sasa zinaulizwa hata hapa Tabora mjini. Sizipingi, kwa kuwa faida yake ni ya kweli: semaglutaidi, dawa iliyomo katika baadhi ya sindano hizi na iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa ajili ya unene, ilipunguza uzito kwa wastani wa asilimia 15 hivi katika jaribio la wiki 68.

Hata hivyo, wengi hupata kichefuchefu na kutapika, wachache huugua mawe ya nyongo au kuvimba kwa kongosho, na anayeiacha kwa kawaida hurudiwa na sehemu kubwa ya kilo alizopoteza. Kinachonitia hofu zaidi ni zile zinazoagizwa kwa simu tu, kwani Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha mwaka 2024 kuhusu semaglutaidi bandia, na hata iliyo halisi, kabla ya kuanza kutumika, hutakiwa kutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, jambo gumu mno kwa kifurushi kinachosafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam. Nawasihi ndugu zangu wamwone daktari kwanza, wapimwe sukari na shinikizo la damu, ndipo waamue.

Wako,
Msomaji, Tabora