Mwanangu, usikariri neno likiwa peke yake

Mamangu, asalam aleikum,

Jana kwa simu ulinambia Kiingereza cha wageni hapo hotelini unakielewa, ila ukitaka kujibu ulimi unakuwa mzito, na daftari umejaza maneno tele lakini mdomoni hayatoki. Imenikaa moyoni, usingizi sikupata, ndo nakuandikia.

Mimi Kiingereza nimekipata kwenye mashua, kupeleka wageni Shela na Manda huku Lamu, na mwanzo nilikuwa nageuza Kiswahili changu neno kwa neno. Siku moja nataka kumpiga picha mama mmoja mgeni nikamwambia "I beat you", akarudi nyuma kakumbatia mkoba wake, uso umembadilika kabisa, na mimi sina neno lingine la kumtuliza, mpaka nahodha mwenzangu akaja akamuelezea. Manake sisi piga inabeba kila kitu, piga picha, piga simu, piga pasi, piga deki, na wao picha ni "take", simu ni "make", pasi ni "iron" yenyewe, hakuna cha kupiga.

Kwa hivyo usiandike "photo" peke yake, andika "take a photo" yote. Mvua kubwa kwao ni nzito, "heavy rain". Chai ikikolea majani ni "strong tea". Neno na mwenzake, kama tanga na foromali, ule mti unaolishika tanga, ukichukua tanga peke yake utafika wapi?

Na sauti pia. Kiswahili vokali ni 5 tu, sisi tuna i moja, wao wana ya "ship" fupi na ya "sheep" ndefu, ukivuta kidogo meli imekuwa kondoo. Hiyo daftari haikuonyeshi, lazima masikio na mdomo.

Basi ukiwa chumbani unatandika sema kwa sauti, "I'm making the bed", ukikunja taulo useme, hata kama uko peke yako. Sentensi moja mpya kwa siku yatosha, lakini itumie kwa wageni 3 kabla hujatoka kazini, na ukikwama muulize mgeni mwenyewe hiki mnakiitaje, wengi wanafurahi kuulizwa, hio nimeiona miaka yote hapa gatini.

Kesho baada ya isha nipigie, dakika 10 Kiingereza kitupu, mimi ntakuwa mgeni nimepoteza ufunguo.

Mamako auliza yale mahamri yamefika salama?

Babako