Risala ya Kamati ya Ujenzi wa Kigango kwa Mgeni Rasmi, Sikukuu ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Baba Paroko, Katekista, viongozi wa jumuiya, wageni waalikwa: Tumsifu Yesu Kristo!

Asante kwa kuacha shughuli zako na kuja kusherehekea nasi somo wa kigango chetu. Barabara umeiona, hiyo tutaisemea siku nyingine.

Historia ni ndefu, tutaikata. Watawa Wakarmeli walianza kama wakaapweke kwenye Mlima Karmeli, ilipo Haifa ya leo, wakapewa kanuni na Patriaki Alberto wa Yerusalemu mwanzoni mwa karne ya 13. Vita vikawasukumia Ulaya, nako wakajenga: Aylesford, Uingereza, mwaka 1242, kisha Florence, ambako moto wa 1771 uliunguza kanisa lao ukakiacha kikanisa cha Brancacci na michoro ya ukutani ya mchoraji Masaccio. Roma wana sanamu ya Mkarmeli mwenzao, Mtakatifu Teresa wa Avila, kazi ya mchongaji Bernini.

Lisbon ndiko tunakoomba usikilize vizuri. Kanisa la Carmo, yaani la Wakarmeli wa huko, lilianzishwa na jemadari Nuno Álvares Pereira mwaka 1389. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko likaangusha paa. Wakaanza kulijenga upya, lakini mwaka 1834 mashirika ya kitawa yakafutwa Ureno, ujenzi ukakoma. Mpaka leo matao yake ya mawe yako wazi, yananyeshewa, na watu wanalipa kiingilio kuyatazama.

Kwetu halikupita tetemeko, Mgeni Rasmi. Zilipita ahadi.

Kwa nguvu zetu tumefyatua matofali, tumepandisha kuta na kumwaga renta. Tumenunua kinanda (cha mkononi, ila kinalia), na kwaya yetu sasa inatajwa parokia nzima. Kilichobaki ni kupaua. Mbao za kenchi zipo stoo, na mchwa wameshazijua. Masika iliyopita turubai lilijaa maji juu ya altare, katekista akawa analisukuma kwa mpini wa ufagio wakati wa mageuzo ili Misale isilowe.

Mgeni rasmi mmoja aliyekutangulia aliahidi bati hapa hapa. Tukapiga vigelegele, tukampa na jogoo. Mwingine alitufariji kwamba boma letu lina mvuto wa magofu ya Ulaya. Simu zao zinaita tu. Hatulaumu, wana majukumu mengi.

Ombi letu ni moja: bati 160 za geji 28, pamoja na kofia na misumari yake, kabla ya mvua za vuli. Fundi tutamlipa wenyewe. Ukiweza nusu, tutapokea kwa furaha. Ila tunaomba ziwe bati zenyewe. Orodha ya vipimo iko mezani pako, chini ya chupa ya maji, na fundi amesimama pale mlangoni na tepu yake.

Tunaomba kuwasilisha.