Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: kabla mtoto hajaingia Gredi ya 4, kuna mtu amemsikiliza akisoma?

Mheshimiwa Waziri, assalamu alaykum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Langoni hapa Amu, yaani Lamu, asubuhi napika mahamri na mbaazi nauza, jioni nakaa na watoto na madaftari yao. Nakuandikia sababu ya mwanangu wa pili ambae mwaka huu yuko Gredi ya 4, na nimeamua kuandika hadharani manake kila nikiongea na wamama wenzangu hadithi ni ile ile, linalobadilika ni jina la mtoto tu.

Ilianza na meseji. Dadangu wa Mokowe alituma kwa simu yangu, mimi mikono imejaa unga, nikamwambia mtoto ebu msomee bibi yako mamako mdogo anasemaje. Meseji yenyewe fupi, Kiswahili chetu cha kawaida, ati atavuka kesho na boti ya saa nne awekewe samaki. Mtoto akaishika simu, akaitizama sana, akaigeuza, akaiweka karibu na uso, mwisho akaniambia mama mato yaniuma. Mimi nikaamini. Siku ya pili nikafunga biashara nikampeleka kupimwa macho, daktari akampima vizuri akaniambia mama huyu mtoto macho yake hayana shida yoyote.

Jioni yake nikatoa kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka jana, cha Gredi ya 3, nikamwambia soma. Akasoma, tena vizuri, sauti juu, kwenye nukta anapumua, mpaka nikaanza kujilaumu kwa kumshuku. Lakini nikaona kidole chake kiko mstari wa pili na mdomo uko mstari wa nne. Nikaweka kiganja changu juu ya ukurasa nikaufunika wote. Akaendelea Mheshimiwa, akaendelea mpaka mwisho wa ukurasa na kitabu kimefunikwa. Nikafungua ukurasa mwengine wa kitabu hicho hicho ambao hawakuusoma shuleni, akanyamaza, na machozi yakaanza kumtoka.

Nikaweka dakika moja kwenye simu nikamwambia jaribu tu, sikupigi. Maneno 11. Na katika hayo 11, mengine alikuwa akikisia kwa kutizama picha, aliona picha ya mtungi akasema "mai" na pale imeandikwa "maji", manake sisi nyumbani twasema mai. Kipimo ambacho nchi hii imekuwa ikikitumia kusema mtoto wa gredi za chini anasoma vizuri ni maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza, na chini ya maneno 17 ya Kiswahili mtoto huyo bado yuko mwanzo kabisa. Wangu alikuwa ameshapita Gredi ya 1, ya 2 na ya 3, na kila mwisho wa mwaka nikiletewa ripoti nzuri imepigwa muhuri.

Ripoti hizo ninazo zote. Kwenye kusoma imeandikwa AE. Mimi nilidhani AE ni nzuri, ina A ndani yake, sisi tuliosoma mfumo wa zamani wa 8-4-4 A ni A. Hakuna alienikalisha kunieleza kwamba maana yake mtoto bado hajafika anapotakiwa. Shule sitaitaja na mwalimu wake namheshimu, darasa moja ana watoto zaidi ya 60, na simlaumu kwa kitu ambacho hakuna mtu alimpa nafasi ya kukifanya.

Sasa kuna watu wakisikia haya wanasema dawa ni moja, arudishwe darasa, asiyejua kusoma asipande. Mimi sikubaliani nao na nitakwambia kwa nini. Nilikuwa na mwenzangu zamani tukikaa dawati moja, alirudishwa darasa la tatu mara mbili. Mara ya kwanza alilia, mara ya pili hakulia, alikuwa amekuwa mrefu kuliko wote, watoto wakamwita nyanya wa darasa. Katika hio miaka miwili hakuna aliemfundisha kwa njia nyengine, alisikia masomo yale yale kwa mwalimu yule yule akiwa amekaa nyuma kabisa. Hakufika darasa la tano. Mpaka leo akipokea meseji ananiletea mimi nimsomee. Ndio maana Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 35, iliposema mwanafunzi asirudishwe darasa, mimi niliiona ni rehema na bado naona hivyo. Lakini sheria ilisema asirudishwe, haikusema apitishwe kimya kimya bila mtu kujua kama anasoma.

Na wanaotoa mfano wa Marekani waseme habari yote. Jimbo la Mississippi lilipitisha sheria mwaka 2013, mtoto asiyefaulu mtihani wa kusoma gredi ya tatu hapandi ya nne. Wakati huo watoto wao wa gredi ya nne walikuwa nambari 49 kwa kusoma katika majimbo ya nchi nzima, 2019 wakawa nambari 29 na 2024 wakawa wa 9. Watu wanasikia hapo tu wanapiga makofi. Hawasemi kwamba sheria ile ile ilitaka mtoto apimwe kusoma tangu chekechea, mara kadhaa kwa mwaka, mzazi aambiwe mara moja, walimu wafundishwe upya namna ya kufundisha herufi na sauti, na walimu washauri wapelekwe mpaka ndani ya madarasa ya shule zilizo nyuma. Kumrudisha mtoto ndio kitu cha mwisho kabisa kwenye orodha yao. Na Michigan walikuwa na sheria kama hio ya 2016, kufika 2023 wakakiondoa kile kipengele cha kumrudisha mtoto. Kwa hivyo hata huko kwenyewe bado wanabishana.

Mimi nilipo nina mfano wa karibu zaidi. Mwanangu huyu huyu chuoni kwa maalimu, yaani madrasa, anasoma. Anajua ba fataha ba, ba kasra bi, ba dhuma bu, na ukimuwekea neno la Kiarabu ambalo hajaliona atakuunganishia mpaka alitoe. Kuhifadhi pia anahifadhi, lakini herufi anazijua. Kwa nini huku anajua na kule hajui? Nilienda nikakaa nje ya chuo nikatizama. Kila mtoto anaenda mbele ya maalimu peke yake na juzuu yake, anasikilizwa. Akikosea, kesho anarudi pale pale alipokosea, na wenzake wako pale pale kwenye mkeka, hakuna aliefukuzwa wala aliechekwa. Hakuna mtoto pale ambae maalimu hajui amefika wapi. Shuleni wanasoma wote pamoja kwa sauti moja, watoto 60, na sauti ya asiyejua inamezwa na ya wanaojua.

Ombi langu ni hilo moja Mheshimiwa. Kila mtoto wa Gredi ya 1 mpaka ya 3, kila muhula, asikilizwe akisoma peke yake, dakika moja, ukurasa ambao hajawahi kuuona. Nimepiga hesabu, darasa la watoto 60 ni saa moja, ukigawa kwa siku tano ni watoto 12 kwa siku, dakika 12, hata ukiongeza za kuitana na kukaa haifiki nusu saa. Na mzazi aambiwe kwa Kiswahili cha wazi, mtoto wako amesoma maneno kadhaa, alitakiwa kadhaa, tutafanya hivi. Hizo AE, na BE ambayo ni chini yake, bakini nazo ofisini.

Isingojewe Gredi ya 3. Ukingoja hapo ushachelewa, manake akiingia ya 4 masomo yanageuka Kiingereza, sayansi Kiingereza, jamii Kiingereza, na mtoto ambae hajui kuunganisha "ma" na "ji" kwa lugha yake utamuokoa vipi na lugha ya watu? Kiswahili kina huruma, herufi zake hazidanganyi, mtoto akishika silabi anasoma chochote, labda akwame kidogo kwenye ng' na gh na dh. Ni kazi ya miezi, sio ya miaka.

Sio kitu kigeni pia. Tusome, ule mradi wa kufundisha kusoma, ilipoanza 2015 kila mtoto alipewa kitabu chake mkononi, na maafisa wa mitaala wakawa wanaingia madarasani na tableti wanawasikiliza watoto wachache wakisoma. Nataka wasikilizwe wote na isiwe ni mradi wa kuja na kuondoka. Na kwa huku kwetu afisa huyo apewe mafuta ya boti, manake Kizingitini na Kiunga hakuendeki kwa miguu na msimu wa kusi bahari ikichafuka mtu hatoki kwa pesa ya mfukoni mwake. Watoto wa Basuba nao, ambao shule zao zimefungwa na kufunguliwa sababu ya usalama, wakirudi darasani waanzwe walipoachia, wasiwekwe gredi ya umri wao wakaachwa hapo.

Nyumbani tumeanza. Kila siku baada ya isha tunakaa na mfuko wa unga, pakiti ya hamira, gazeti la kufungia mahamri, chochote chenye maandishi ambacho hajakihifadhi. Wiki iliyopita alisoma maneno 19 kwa dakika. Jana usiku dadangu alituma meseji tena, nikamuachia simu nikajifanya sina habari, akasoma pole pole kidole kikifuata kila neno, akafika kwenye "ng'ombe" akakwama, akaniangalia, akarudi mwanzo wa neno akalitoa. Bibi yake akamwambia soma tena sikusikia vizuri, na alikuwa amesikia.

Nangoja jibu lako Mheshimiwa, kabla muhula huu haujaisha.

Mama wa mwanafunzi wa Gredi ya 4, Langoni, Lamu