Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Kanuni za Usalama na Ubunifu wa Kiufundi katika Mbio za Magari ya Magurudumu Wazi

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, nawasilisha mbele yenu taarifa ya mwaka 2025. Mtakumbuka kwamba mkutano mkuu uliopita uliielekeza kamati ya utendaji iweke kando kwa muda mabishano ya nani kashinda na nani kaonewa, na badala yake iutumie mwaka huu kufuatilia jinsi kanuni za usalama zinavyokwenda sambamba na ufundi wa magari yenyewe, hasa ya Formula 1 na yale ya IndyCar ya Marekani, ambayo magurudumu yake yako nje ya mwili wa gari. Kazi hiyo imefanyika. Pale ambapo maoni ni yangu na si ya kamati, nitasema hivyo.

Vikao vya mwanzo vilihusu nyuzi za kaboni. Mwaka 1981 timu ya McLaren ilileta gari lililoitwa MP4/1, kazi ya mbunifu John Barnard, ambalo chesisi yake ilitengenezwa kwa nyuzi hizo badala ya alumini. Barnard hakuwa akitafuta usalama. Alitaka mwili mwembamba usiopindapinda, ili hewa ipate nafasi zaidi ya kupita chini ya gari, na wapinzani wake walitabiri kwamba chombo hicho kingesambaratika kama kigae siku ya kwanza kitakapogonga. Siku hiyo ilifika Septemba ya mwaka huohuo kule Monza, dereva wao John Watson alipopoteza gari na injini ikang'oka kabisa, naye akatoka kwa miguu yake mwenyewe. Haikuchukua miaka mingi kila timu ikawa inajenga hivyo. Nimeanza na mfano huu kwa sababu baadhi yetu tumezoea kuzungumza kana kwamba kanuni humvuta mbunifu shati, ilhali hapa mbunifu aliyekuwa akiwinda kasi ndiye aliyempa dereva ngao bora kuliko zote zilizotangulia.

Kinyume chake kilionekana tulipojadili magari yanayofyonzwa na barabara, yaani yale ambayo umbo la tumbo lake huharakisha hewa inayopita chini na kuligandamiza gari ardhini. Lotus 79 ilimpa Mario Andretti ubingwa wa mwaka 1978 kwa mbinu hiyo, ikisaidiwa na sketi zilizoning'inia ubavuni na kugusa lami. Tatizo ni kwamba sketi moja ikikwama au ikivunjika katikati ya kona ya kasi, mfyonzo hutoweka papo hapo na dereva hubaki abiria. Sketi zinazosogea zikapigwa marufuku mwaka 1981, na kufikia 1983 sakafu zikaamriwa kuwa bapa. Mbinu hiyo iliporudishwa rasmi mwaka 2022, ilirudi na balaa jingine: magari yakawa yanadundadunda kwenye njia iliyonyooka, na wengi wetu tulimwona Lewis Hamilton akijitoa kwenye gari kwa shida kule Baku huku ameshika mgongo. Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) lilianza kupima mdundo huo na kuuwekea kikomo katika msimu uleule, na mwaka 2023 kingo za sakafu zikainuliwa milimita 15. Kwa maoni yangu huo ni mfano adimu wa kanuni iliyotangulia msiba. Nyingi huja baada ya mazishi.

Kuhusu halo, yaani upinde unaokinga kichwa cha dereva, sihitaji kueleza mengi, maana kikao chake ndicho kilichojaza ukumbi na pia kelele. Henry Surtees aliuawa mwaka 2009 kule Brands Hatch kwa gurudumu lililochomoka kwenye gari la mwenzake, na Justin Wilson mwaka 2015 kule Pocono kwa kipande cha pua ya gari lililokuwa mbele yake. Wote wawili walipigwa kichwani, sehemu pekee ya dereva iliyokuwa imebaki nje. Halo, ambayo ni upinde wa titani wenye uzito wa kilo saba hivi, ikawa lazima katika Formula 1 mwaka 2018 huku wakubwa wa mchezo wakiibeza. Toto Wolff, kiongozi wa timu ya Mercedes, alisema angekuwa na msumeno angeikata. Romain Grosjean naye alikuwa miongoni mwa walioipinga, hadi Novemba 2020 kule Bahrain, gari lake lilipopasua kingo za chuma, likakatika vipande viwili na kuwaka moto, naye akatoka ndani ya miali baada ya takriban sekunde 28. Alikiri mwenyewe kwamba bila halo asingekuwepo kuyasimulia hayo. Wamarekani wa IndyCar walikwenda mbali zaidi mwaka 2020 kwa kuongeza kioo kigumu cha plastiki mbele ya dereva. Mzee wetu mmoja bado anashikilia kwamba gari lenye upinde limekosa sura. Namheshimu, na nimekubali hoja yake iandikwe katika kumbukumbu za kikao, lakini sioni sababu ya kuirudia.

Ndugu wanachama, jambo ambalo kamati haikulitarajia, na ambalo naomba mlipe uzito kuliko mengine yote katika taarifa hii, lilijitokeza tulipofungua faili la Kyalami, Afrika Kusini, tarehe 5 Machi 1977. Gari la Renzo Zorzi lilisimama pembeni mwa njia kuu na moto mdogo ukaanza kuwaka. Wasimamizi wawili wa njia, wale tunaowaita washika bendera, walikimbia kuvuka barabara ili wauzime. Wa kwanza alifika salama. Wa pili, kijana wa miaka 19 aitwaye Frederik Jansen van Vuuren, alikuwa amebeba mtungi wa kuzimia moto, na mahali alipovukia palikuwa baada ya mwinuko uliowazuia madereva kumwona. Tom Pryce, kijana wa Wales, aliupanda mwinuko huo kwa kasi kubwa mno na kumgonga. Msimamizi huyo alikufa papo hapo. Mtungi ulimpiga Pryce kichwani, naye akafa akiwa ameketi, huku gari lake likiendelea peke yake hadi mwisho wa njia iliyonyooka. Mshindi wa siku hiyo alikuwa Niki Lauda, aliyekuwa hajatimiza hata mwaka tangu aungue kule Nürburgring.

Tulipolinganisha faili hilo na yaliyofuata, tuliona mstari mmoja usiokatika. Mwaka 2000 kule Monza msimamizi mmoja aliuawa na gurudumu lililochomoka, na miezi michache baadaye, mwaka 2001, mwingine akafa vivyo hivyo kule Melbourne, ingawa magurudumu yalikuwa tayari yamefungwa kwa kamba maalumu. Mwaka 2013 kule Montreal msimamizi alikanyagwa na mtambo wa kuondolea magari baada ya mbio kumalizika. Mwaka uliofuata, kule Suzuka kwenye mvua, Jules Bianchi aliingia chini ya trekta lililokuwa likiinua gari la mwenzake, na akafariki Julai 2015. Kutokana na msiba huo ukaanzishwa, mwaka 2015, utaratibu unaoitwa gari la usalama la kidijitali, ambapo hakuna gari linaloingia uwanjani kuwapunguza kasi madereva, bali kila dereva huonyeshwa kwenye usukani wake muda wa chini ambao hapaswi kwenda haraka kuliko huo. Huo ni ubunifu wa kweli, tena usiohitaji titani. Hata hivyo Oktoba 2022, Suzuka ileile na mvua ileile, Pierre Gasly alilipita trekta lililokuwa njiani bila yeye kutarajia.

Maoni ya kamati, ambayo nayaunga mkono kikamilifu, ni kwamba dereva amelindwa kwa vitu na msimamizi amelindwa kwa taratibu. Kitu kikishapimwa na kupitishwa, kinabaki pale pale hata waliokifunga wakichoka au wakighafilika. Utaratibu unategemea mtu aliyesimama juani tangu alfajiri, mara nyingi kwa kujitolea, na mwingine aliye kwenye chumba cha udhibiti, wawe wameona jambo lilelile kwa wakati mmoja.

Ni kwa jicho hilo tulisoma kanuni mpya za Formula 1 zitakazoanza mwaka 2026. Zina mengi ya kusifiwa. Uzito wa chini wa gari unapungua kutoka kilo 800 hadi 768, upinde wa nyuma ya kichwa cha dereva utapimwa kwa mzigo mkubwa zaidi, na pua ya gari itavunjika kwa hatua mbili ili isibaki tupu pigo la pili likija. Wengi wenu mtakumbuka gari la Zhou Guanyu kule Silverstone mwaka 2022, ambalo upinde huo wa nyuma ulikatika lilipobinuka, halo ikabaki peke yake kumkinga. Lakini kanuni hizohizo zinapandisha nguvu ya mota ya umeme kutoka kilowati 120 hadi 350. Mwaka 2008 kule Jerez, katika majaribio ya awali ya mifumo ya aina hii, fundi mmoja alipigwa na umeme kwa kuligusa tu gari lililokuwa limerejea. Tangu hapo magari yana taa inayoonyesha kama ni salama kuyashika, na wasimamizi huvaa glavu za kuzuia umeme. Nguvu inapokaribia kuzidishwa mara tatu, ningependa kuona glavu na mafunzo vikijadiliwa kwa bidii ileile inayotumika kujadili mabawa.

Mambo ya ndani ya chama nayapitia kwa ufupi. Hesabu mtazipata kwa mweka hazina. Kikao cha Agosti hakikufanyika, na lawama ni yangu kwa kuchelewa kutoa taarifa. Tafsiri ya istilahi za kiufundi kwa Kiswahili imefikia nusu, na katibu anaomba wenye ufundi wa magereji wamsaidie, kwa kuwa neno la fundi mara nyingi ni zuri kuliko la kamusi.

Kamati inapendekeza mambo mawili. Kwanza, mwaka 2026 chama kijielekeze kwenye usalama wa watu walio nje ya gari, kuanzia wasimamizi na mafundi hadi watazamaji. Itakumbukwa kwamba mwaka 2023 kule Indianapolis gurudumu liliruka uzio na kuangukia gari lililoegeshwa, likakosa umati kwa bahati tu. Pili, wanachama wetu waliowahi kujitolea kusimamia njia katika Safari Rally kule Naivasha waalikwe katika kikao cha kwanza watueleze walichoelekezwa kufanya, na kile walichojikuta wakifanya gari lilipopinduka mbele yao.

Ndugu wanachama, naomba kuwasilisha.