Kwa Mwalimu wa Kwaya: Kuhusu Kinanda na Kompyuta Yako

Umoja, Nairobi.

Mpendwa Mwalimu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi tu wazima, na natumaini kwamba wewe, Mama Watoto na wanakwaya wote hamjambo.

Nimeisoma barua yako kwa makini, hasa pale uliposema kwamba fundi aliyekitazama kinanda chako cha Yamaha amekwambia bodi yake (ubao wa saketi ulio ndani) imeungua, na kwamba anadai malipo kabla hata ya kukifungua. Nakuomba kwa dhati usimpe hata shilingi kwanza. Kinanda kinacholia vizuri kwa spika zake chenyewe, kikakataa tu kusikika kwenye kompyuta, huenda hakina ubovu wowote. Kati ya kidole chako na spika za kompyuta kuna njia ndefu, na mahali ilipokatika waweza kupatafuta mwenyewe, hapo hapo mezani, bila bisibisi.

Anza na waya, kwa sababu ndio uliozua shaka yangu kubwa zaidi. Umeandika kwamba waya ulionunua una kichwa bapa pande zote mbili na kwamba umeingia bila shida. Ikiwa ni hivyo, basi umeuchomeka mahali pasipo pake. Geuza kinanda utazame nyuma: tundu bapa lililoandikwa USB TO DEVICE ni la flashi, yaani la kuhifadhia nyimbo, na lile la kompyuta ni tundu dogo la karibu mraba lililoandikwa USB TO HOST. Ukiunganisha tundu bapa la kinanda na tundu bapa la kompyuta, kila upande hujiona kuwa ndio mkubwa wa kutoa amri na umeme wa volti 5, upande wa kupokea ukakosekana. Uchomoe waya huo leo, kwa maana matundu hayo hayakuundwa kusukumiana umeme. Ukienda Luthuli Avenue, omba waya wa printa. Ni huo huo, wenye kichwa bapa upande mmoja na kichwa cha mraba upande wa pili. Chagua ulio mfupi, na uuchomeke kwenye kompyuta moja kwa moja badala ya kuupitishia kwenye kile kigawanyio chenye matundu manne ambacho pia kimebeba kipanya na printa.

Ukishafanya hivyo, washa kinanda kwanza, kisha uchomeke waya. Kwa kawaida Windows hutoa mlio mfupi inapopata kifaa kipya. Ikinyamaza, jaribu tundu jingine la kompyuta kabla ya kulaumu chochote. Ikilia lakini kinanda kikatokea katika orodha ya vifaa kikiwa na alama ya mshangao ya manjano, kinachokosekana ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa, nayo hutolewa bure kwenye tovuti ya Yamaha yenyewe. Tafadhali usiichukue mahali pengine popote, kwa kuwa tovuti zinazojitangaza kuwa na draiva za kila kifaa mara nyingi huiachia kompyuta mizigo isiyohitajika.

Sasa nifikie jambo ambalo naona ndilo kiini cha tatizo hata baada ya waya kupatikana. Umesema kwamba ulibonyeza na kubonyeza ukingoja sauti itoke kwenye spika za kompyuta. Mwalimu, waya huo unabeba maagizo ya MIDI, yaani lugha ambayo ala za kielektroniki na kompyuta huelewana kwayo, wala sauti haimo ndani ya maagizo hayo. Ni sawa na karatasi ya solfa unayowagawia wanakwaya: inasema noti ipi iimbwe, kwa nguvu gani na ikome lini, lakini karatasi yenyewe haiimbi. Ukibonyeza do ya kati, kinanda hutuma kwamba noti namba 60 imeguswa, pamoja na namba ya kati ya 1 na 127 inayoeleza ulivyoigusa kwa nguvu. Ukiachia, hutuma agizo la kuizima. Basi. Ili sauti isikike, lazima ndani ya kompyuta kuwe na programu iliyofunguliwa, ndani yake kuwe na ala iliyochaguliwa, piano au filimbi au yoyote upendayo, na ala hiyo iwe imeelekezwa kupokea kutoka kwenye kinanda chako. Kompyuta iliyowashwa tu bila programu hiyo itakaa kimya hadi kesho, hata kila kitu kikiwa kizima.

Kwa hiyo nakushauri utenganishe maswali mawili: je, maagizo yanafika, na je, kuna kinachoyageuza kuwa sauti? Kwa swali la kwanza, weka programu ndogo ya bure iitwayo MIDI-OX, uchague kinanda chako katika orodha ya vifaa vya kuingizia, kisha ubonyeze do ya kati. Ikiwa njia iko wazi, utaona mstari mpya ukishuka wenye 90, yaani agizo la kuiwasha noti, na 3C, ambayo ndiyo ile namba 60 kwa hesabu ya kompyuta. Ukiuona mstari huo, waya, draiva na bodi ya kinanda vyote vinafanya kazi, na unaweza kumweleza fundi hivyo kwa heshima. Kisha funga MIDI-OX kabisa kabla ya kufungua programu ya kurekodi. Draiva nyingi za Windows, hasa za zamani, huruhusu programu moja tu kukitumia kifaa kwa wakati mmoja, na ya pili hukuta mlango umefungwa bila kupewa maelezo yenye kueleweka.

Kwa swali la pili, ingia katika mipangilio ya programu ya kurekodi, utafute sehemu ya MIDI na uwashe jina la kinanda. Baada ya hapo utazame njia yenyewe ya wimbo (track), yaani ule mstari unaorekodiwa ala moja, kwa kuwa programu nyingi hudai njia hiyo iwashwe kwa kurekodi ndipo iitikie vidole. Ukikuta inataka chaneli mahususi kati ya zile 16 za MIDI ambazo maagizo hupitia, chagua zote.

Sauti ikianza kutoka, yamkini utaona inachelewa nyuma ya kidole, na kwa mtu wa mdundo kama wewe jambo hilo litakukera sana. Sababu yake ni akiba ya sauti ambayo kompyuta hujiwekea kabla ya kuitoa. Kwa sampuli (vipande vidogo vya sauti) 44,100 kila sekunde, akiba ya sampuli 1,024 peke yake ni ucheleweshaji wa milisekunde 23 hivi, na akiba ya 256 ni kama 6 tu. Ipunguze hatua kwa hatua, na sauti ikianza kukatikakatika, rudi hatua moja juu. Ikiwa kompyuta haina kadi ya sauti ya nje, ASIO4ALL, draiva ya sauti ya kupunguza ucheleweshaji ambayo pia ni ya bure, husaidia sana.

Na kama utasikia kila noti ikilia mara mbili, moja kutoka kinandani na nyingine kutoka kompyutani, tafuta Local, yaani swichi ya kinanda kujiliza chenyewe, katika mipangilio ya kinanda uizime. Spika zake zitanyamaza lakini maagizo yataendelea kwenda. Kumbuka kuiwasha tena kabla ya ibada ya Jumapili, maana hapo kanisani hakutakuwa na kompyuta ya kukuitikia.

Sijali ukinipigia simu usiku ukikwama, kwa sababu nazitaka sana zile nyimbo zako zirekodiwe kabla wanakwaya wa zamani hawajatawanyika. Nieleze tu mstari ule wa 90 na 3C umetokea au la, nami nitajua pa kuanzia.

Wasalimie nyumbani.

Ni mimi rafiki yako wa dhati,
Baba Neema