"Dawa Mliyoniuzia Imeisha Muda!"

Mteja aliingia tarehe 9 asubuhi, akaliweka boksi la parasetamoli juu ya kaunta, akaniuliza kama namwona mjinga. Kwenye boksi palikuwa na mwezi ule ule na mwaka ule ule, bila siku. Yeye aliona dawa imekufa tangu tarehe 1. Nikamwambia kwamba panapoandikwa mwezi na mwaka tu, dawa ni halali mpaka siku ya mwisho ya mwezi huo. Hakuniamini, akasema "mmenila". Nikamrudishia pesa yake yote, kwa sababu alikuwa na homa na mimi nilikuwa na foleni.

Lakini neno "mmenila" linauma, na si mara ya kwanza kulisikia, kwa hiyo leo naandika.

Mzigo ukifika, kabla ya kupanda rafuni tunasoma tarehe na namba ya toleo (yaani kundi la dawa lililotengenezwa kwa pamoja), boksi kwa boksi. Inayoisha mapema inakaa mbele, yenye muda mrefu inakaa nyuma. Ndiyo maana mnachokonoa nyuma ya rafu! Dawa iliyobakiza wiki chache tunampa mtu atakayeimaliza ndani ya siku chache, si anayejaza kabati la nyumbani. Ukiuziwa kopo la vidonge 100 lililobakiza wiki tatu bila kuambiwa, njoo ugombe, una haki. Vidonge kumi vya kichwa kinachouma leo ni jambo jingine.

Tarehe yenyewe ni ahadi ya mtengenezaji. Ameipima dawa yake, na anasema mpaka siku hiyo itakuwa na nguvu iliyoandikwa, ikiwa imefungwa na imehifadhiwa kama lebo inavyosema. Haigeuki sumu usiku wa manane. Nalisema wazi ingawa baadhi ya wenzangu hawapendi lisemwe. Wapo wateja wanaoniletea habari ya Marekani, na habari hiyo ni ya kweli: tangu 1986 kuna mpango wa kupima upya dawa za akiba ya jeshi, na matokeo yaliyochapishwa 2006, ya aina 122 za dawa, yalionyesha asilimia 88 ya matoleo yaliyopimwa yaliongezewa mwaka mmoja au zaidi. Sawa. Ila zile zilikuwa hazijafunguliwa, zilikaa kwenye ghala lenye joto linalodhibitiwa, na zilipimwa maabara toleo kwa toleo. Zako zilikaa wapi? Kwenye droo ya gari lililoegeshwa juani, au bafuni kwenye mvuke, au juu ya friji. Lebo inasema chini ya nyuzi joto 30, nyingine 25. Dawa iliyopikwa miezi sita haisubiri tarehe.

Mzee mmoja aliniletea kopo la aspirini lililokuwa bado na mwaka mzima mbele. Nilipofungua, pua ikapata harufu ya siki. Aspirini ikipata unyevu huvunjika, na moja ya mazao yake ni ile asidi ya siki. Tarehe ilikuwa nzuri, dawa ilikuwa mbovu. Alikuwa ametoa kipakiti kile kidogo cha kunyonya unyevu, akisema kinachukua nafasi.

Sasa njia ya mkato inayonikosesha usingizi. Mtu ana dawa iliyopita muda, anajiambia imepungua nguvu, basi anameza mara mbili. Kijana mmoja alinieleza hivyo akicheka: vidonge vinne vya parasetamoli kwa mkupuo, kila baada ya saa sita, kwa sababu ilikuwa imeisha miezi minne nyuma. Hesabu yake ni vidonge 16 kwa siku. Mtu mzima mwenye afya kikomo chake ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Na parasetamoli ya miezi minne iliyokaa vizuri huenda haijapoteza chochote cha maana, kwa hiyo alikuwa anameza dozi mbili kamili. Inayoumia ni ini, na ini linaweza kuumia siku za mwanzo bila kusema. Nilimtuma hospitali hapo hapo. Alikwenda akiwa amenikasirikia, akidhani natafuta kisingizio cha kutomuuzia.

Dawa za maji sibishani nazo. Matone ya macho, ukishafungua, mengi mwisho wake ni siku 28 hata kama chupa inasema mwaka kesho. Kutoka siku ya kufungua, tarehe ya kiwandani haikusaidii. Andika yako kwa kalamu. Vijidudu vikiingia kwenye chupa vinaingia kwenye jicho. Chumvi za kuongeza maji mwilini ukishazikoroga, saa 24, kisha mwaga.

Jingine ni mkasi. Tarehe mara nyingi imegongwa ncha moja tu ya karatasi ya vidonge. Sisi tunakata kuanzia ncha ya pili. Nyumbani mnakata popote, kisha mnachanganya mabaki ya karatasi tatu kwenye kopo moja, halafu mnanipigia simu kuuliza kidonge cheupe cha duara ni cha nini. Sijui. Lete duka la dawa, usikimwage chooni.

Kuhusu bei: kinachopitwa na wakati rafuni tunakilipia sisi, pamoja na kukiteketeza, na kiyoyozi kinanguruma usiku hata duka likiwa limefungwa. Mtu akiniambia kwingine ni nafuu, namuuliza kama ameshika ukuta wa duka hilo saa nane mchana.

Dawa iliyotoka mlangoni kwetu hairudi rafuni, hata ikirudi baada ya dakika ishirini, maana sijui ilikopita. Boksi la yule mteja wa tarehe 9 lilikaa kwenye ndoo nyekundu ya stoo mpaka wakaja kuchukua taka za dawa. Lilikuwa halijafunguliwa.